Dakika Ishirini Chini ya Feni Yangu

Haya ninayotaka kuyaandika hamtayaamini, na siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwepo, tena karibu kiasi cha kunusa, kuna siku naamka nikijiuliza kama niliyaona au niliyaota. Mke wangu husema nikisimulia habari ya manyunyu, msikilizaji anaondoka akitafuta mtumbwi. Huo ni wivu. Leo nitajikaza nisitie chumvi, kwa sababu habari yenyewe ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, na huyo ukimwongezea sentimita moja kwenye urefu wake anakwenda kuchukua futi ya kupimia.

Watu wanamwita Mizani. Jina alilipata kazini, kwenye duka la vipuri vya kompyuta lililo ghorofa ya kwanza ya jengo ambalo ngazi zake zimelika katikati kama kipande cha sabuni. Lakini kupima alianza zamani. Alipokuwa na miaka saba alitumwa mkate, akarudi mikono mitupu na swali: kwa nini mkate mdogo unauzwa nusu ya bei ya mkubwa, wakati yeye ameuzungushia kamba akaona haufiki nusu? Dada yangu akamchapa kwa kurudi bila mkate. Mimi nikajua mtoto amerithi akili zangu. Za kwangu sikupata nafasi ya kuzitumia. Mimi na shule tuliachana darasa la sita, kwa amani, kila mtu akashika njia yake.

Duka ni chumba kirefu, chembamba. Mbele kuna kaunta ya kioo na mwenye duka nyuma yake, mtu mpole sana kwa wateja wenye haraka ya kulipa. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, ndipo ilipo meza ya Mizani. Hatua tatu kutoka hapo nimepangishiwa kona mimi, fundi wa feni, pasi na blenda. Feni ya dari iliyokuwa juu ya meza yake niliitengeneza kwa mikono hii, baada ya mafundi watatu kuikatia tamaa. Ilikuwa inavuma mpaka karatasi za watu zinashikiliwa kwa sumaku. Wateja walikuwa wakipanda ngazi zile kwenye joto, wakifika pale chini wanafumba macho wanashukuru. Niliwaambia wanishukuru mimi.

Sasa kwa asiyejua. Ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa kadi ya grafiki. Sisi dukani tunaiita kadi ya picha. Ni kama tofali jembamba lenye vifeni viwili au vitatu, na kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Bila hiyo gemu zinakwamakwama, video haihaririki, na ramani ya nyumba ya mchoraji inafunguka jioni kama aliifungua asubuhi. Ziko za bei ya chini, za kati na za juu. Za juu Mizani hana shughuli nazo. Anasema anayezinunua hahitaji ushauri, anahitaji mtu wa kumbebea. Za chini anasema ni za kujiliwaza. Yeye ni mtu wa kadi za kati, kwa sababu ndiko watu wa kawaida wanakonyolewa bila maji. Kadi mbili za kati zinaweza kupishana bei kwa robo nzima, halafu ukiziendesha zinapishana picha nne kwa sekunde, tofauti ambayo jicho la mtu haliioni. Ile robo umelipia taa za rangi na maandishi ya boksi.

Kwa hiyo alikuwa na ubao mweupe ukutani. Kila kadi ya kati iliyoingia aliiweka mezani, akaichomeka kwenye mashine yake iliyo wazi, isiyo na kasha, akaifanyisha kazi ngumu kwa dakika ishirini huku akiandika idadi ya picha. Kisha aligawa bei kwa hizo picha. Akaongeza umeme inaokula, akatazama kama ina giga nane za kumbukumbu au kumi na mbili, maana kwa mhariri wa video hizo nne ni mkate na siagi, ila kwa mcheza gemu wa skrini ndogo ni mapambo. Baada ya hapo ndipo alipoiandika ubaoni, kutoka inayostahili bei yake hadi isiyostahili. Hakuwahi kuandika namba aliyoisoma kwenye boksi. Miaka kumi na moja. Watu walitoka kwenye maduka mengine kuja kuusoma ubao ule na kurudi kununua walikotoka. Mwenye duka ilimuuma, lakini alijua kwamba kwa kila mmoja anayeondoka wawili wanabaki.

Siku maboksi arobaini yalipoletwa, hali ya hewa ilikuwa ya mawingu mazito yasiyonyesha. Aliyeyaleta ni msambazaji ambaye hatukuwahi kumwona, mtu wa viatu visafi mno kwa mtu aliyepanda ngazi zile na mzigo. Kadi za kati, giga kumi na mbili, bei pungufu kwa moja ya tano kuliko ya ndugu zao wote. Mwenye duka alikuwa ameshazilipia. Alimwomba Mizani aziandike juu kabisa.

"Ubao haupangishwi," mpwa wangu akamjibu. "Zikipimwa zitajiandika zenyewe."

Yule wa viatu akacheka kidogo, akasema ana gari limesimama pabaya. Hakungoja kipimo. Nilimtazama kutoka dirishani akitoka nje ya jengo. Hapakuwa na gari. Alikata kona kwa miguu, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

Mizani alichagua boksi la katikati ya rundo, si la juu. Ndiyo desturi yake. Stika ya kufungia ilikuwa imekaa upande kwa unywele mmoja. Skrubu moja ya mgongoni ilikuwa na mkwaruzo. Aliutazama mkwaruzo ule kwa muda, akaupitisha ukucha, halafu akasema viwandani nako bisibisi huteleza. Akaichomeka. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Picha zikawa sawasawa na za kadi ghali. Dakika ishirini, joto la kadi liko chini vizuri. Akagawa bei kwa picha na namba ikatoka ndogo kuliko zote alizowahi kuandika.

Mimi nilikuwa nimeinua kichwa tangu dakika ya saba. Mnisikilize hapa, maana hili silipambi. Feni ndiyo lugha yangu. Feni mpya inavuma kwa tumbo. Iliyolika bushi, kile kipete kinachoshika mhimili, inavuma kwa meno. Vile vifeni vya ile kadi, chini ya uvumi wa feni yangu ya dari, vilikuwa na mlio mwembamba sana, kama wa mtu aliyelala kifudifudi anayevuta pumzi kwa shida. 

Nikamwambia vifeni hivi si vipya, hivi vimezunguka miaka.

Akatabasamu bila kugeuka. Akanikumbusha, kwa upole tu, kwamba mwezi uliopita nilimwambia feni ya benki inaita watu kwa majina, na mwaka juzi nilisema nilitengeneza pasi ya rais. Kwa kweli ilikuwa ya dereva wa waziri, na sikuimaliza. Hata hivyo aliitoa ile kadi akachukua nyingine, akapima tena dakika ishirini. Ikafaulu. Akachukua ya tatu. Ikafaulu. Mimi nikarudi kwenye pasi zangu. Ndivyo ilivyo ukishazoea kuongeza. Siku una kitu cha kweli mkononi, watu wanakipunguza kwa mazoea.

Akafuta mstari wa kwanza wa ubao, akaiandika ile kadi juu kabisa.

Kesho yake akaja Mwalimu. Ndivyo anavyoitwa, mwanamke anayefundisha kuhariri video katika jengo la tatu kutoka kwetu. Kikundi chake kilikuwa kimechangishana mwaka mzima kununua kadi za mashine za darasa, wengi wao wakina mama waliopoteza kazi viwanda vilipofungwa. Kwa bei za kawaida fedha ile ilitosha kadi kumi, na wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Alikuwa amekuja kuomba ushauri mgumu: awaache nje wanafunzi wawili, au achukue za giga nane kwa wote na video ziwe zinakwama? Mizani akamwonyesha mstari wa kwanza. Kumi na mbili, za giga kumi na mbili, na chenji inabaki. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nafunga blenda ya watu. Nilikaza skrubu ileile mara mbili, nikawaacha wahesabu fedha.

Siku ya nne joto lilianza. Mawingu yaliondoka bila kuacha tone, mabati ya jengo la jirani yakawa yanalia mchana. Akaja mchora ramani mmoja na kadi yake kwenye mfuko. Skrini, anasema, inatoa vidoa vya rangi, vyekundu na kijani, kama upele, halafu inazima. Mizani akaiweka mezani dakika ishirini. Hakuna kidoa. Akamrudishia, akamshauri asafishe vumbi.

Siku ya tano wakaja wawili. Upele uleule. Mezani, nzima kabisa. Siku ya sita yule mchora ramani akarudi, safari hii aliiweka kadi juu ya meza na kukaa. Mpwa wangu akaipima mara tatu mfululizo. Nzima. Alianza kuosha mikono kila baada ya kuzigusa zile kadi. Nilimwona, ingawa yeye anasema ni vumbi. Aliacha kula mchana. Alikuwa anautazama ubao kama mtu anayemtazama rafiki aliyemdanganya, asijue bado kadanganya wapi.

"Mjomba," aliniambia siku ile jioni tukifunga dirisha, "nyumbani zinaugua, hapa zinapona. Ni nini kilichopo hapa ambacho kwao hakipo?"

Mimi, nikitaka kumchekesha, nikamjibu kwamba kilichopo hapa ni mimi. Hakucheka.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, alikuwa ameichomeka kadi ya mchora ramani kwa mara ya tano. Dakika ya sita, umeme ukakatika jengo zima. Mashine yake ina betri ya akiba, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi. Kilichosimama ni feni yangu. Ilizunguka mara tatu za mwisho, polepole, ikatulia. Na pale, katika ukimya ule, kila mtu dukani akasikia nilichokisikia mimi siku ya kwanza. Ule mlio wa meno. Haukuwa mwembamba tena. Ulipanda, ukapanda, kama kitu kinachoomba. Dakika ya tisa vidoa vikatokea kwenye skrini, kimoja, kumi, vikajaa. Ikaja harufu ya vumbi lililochemka. Mizani akachomoa waya.

Aliinua macho akaitazama feni ya dari. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mfupi sana, na ningependa aliyenitazama vile awe mtu mwingine yeyote.

Alifungua zile skrubu. Ndani, dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kuwa unga. Chini ya stika ya namba palikuwa na stika nyingine, imefifia kwa moto. Hizo kadi zilikuwa zimetumika miaka, mchana na usiku, kwenye mabanda ya kuchimba sarafu za mtandaoni, zimepangwa mia kwa mia, halafu zikaoshwa, zikavalishwa maboksi mapya. Hazikuweza kujipoza tena. Kwa miaka kumi na moja mpwa wangu alikuwa amepima kila kadi kwenye mashine isiyo na kasha, dirishani, chini ya upepo wa kimbunga, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba upepo nao ulikuwa unahesabiwa kwenye namba. Kadi nzima haikujali. Kadi mgonjwa ilisaidiwa kupumua na feni yangu.

Akasema neno moja tu: "Mwalimu."

Darasa lilikuwa linafunguliwa asubuhi hiyohiyo. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mwalimu, tukakumbuka wote wawili, hukusanya simu zote kwenye kikapu kabla ya somo, pamoja na yake. Tukatoka. Mimi na magoti yangu haya tulizishuka zile ngazi kwa namna ambayo sitaieleza. Barabarani taa za maduka upande ule zilikuwa zinawaka. Kwao umeme ulikuwepo. Mizani alianza kukimbia.

Darasa liko chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mlango umebandikwa sponji na chini wameweka zulia lililokunjwa, kuzuia kelele za nje kwa ajili ya kurekodi sauti. Kutoka kwenye korido nilikuwa nausikia tayari. Si mmoja. Ilikuwa ni milio kumi na miwili kwa pamoja, nyuma ya sponji, inapanda. Tulipoingia, hewa ilikuwa ya moto kama ya mdomo wa tanuri. Wanafunzi kumi na wawili wamekaa wima, migongo kwetu, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti vikubwa, wanatazama skrini kwa heshima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikia. Kwenye skrini ya pembeni upele ulikuwa umeshaanza, na mama aliyekaa pale alikuwa anaufuta kwa kitambaa, akidhani ni uchafu wa kioo. Pembeni ya goti lake, kwenye tundu za kasha, moshi mdogo wa rangi ya maziwa.

Mizani alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu akaishusha. Giza. Kisha ile milio ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na walipovua vipokea sauti ndipo waliposikia ya mwisho.

Hakuna aliyeungua. Waya wa ile mashine ya pembeni ulikuwa umelainika na kugandana na kadi. Kadi nne zilikufa palepale. Mpwa wangu alisimama mlangoni, mwanga wa korido ukiwa nyuma yake, akawaambia wote kwamba si kosa lao, si la mashine, kwamba yeye ndiye aliyezipima na alizipima vibaya. Alieleza habari ya feni. Hakunitaja. Mwalimu alichukua kikapu cha simu, akaanza kuwarudishia wenyewe.

"Mimi sikumsikiliza muuzaji," akasema mwishowe. "Nilisoma ubao wako."

Bora angemtukana.

Tuliporudi, umeme ulikuwa umerudi pia, na mwenye duka alikuwa anamhudumia mteja, anamwonyesha mstari wa kwanza kwa kidole. Maboksi kumi na saba yalikuwa bado rafuni. Mizani alipita katikati ya wale wawili, akafuta ubao wote, miaka yote ile ya mistari, akaandika kwa herufi kubwa kwamba kadi za boksi lile zilishatumika na kuchakaa, kwamba yeye alizipima chini ya feni, na kwamba aliyenunua azirudishe leo achukue fedha zake. Mteja akaondoa mkono wake kwenye kaunta polepole.

Mwenye duka hakupaza sauti. Huwa hapazi. Alimwambia simu ya yule msambazaji haipatikani, fedha ya mzigo imeshakwenda, na kama maandishi yale hayajafutika kabla ya saa nane, basi achukue bisibisi zake na ubao wake akatafute ukuta mwingine. Akaangalia saa. Mpwa wangu akaweka kalamu mezani, akakunja mikono, akasimama mbele ya ubao wake. Nje watu walianza kupanda ngazi. Habari kama hizo hazihitaji tangazo. Dada yangu anaishi kwa mshahara ule, mjue hilo.

Ilipofika saa nane kasoro dakika tano mwenye duka alichukua kitambaa cha kufutia, akatoka nyuma ya kaunta yake. Ndipo damu yangu ilipochemka. Mimi ni mtu wa amani, lakini nina mipaka. Nilimfuata, nikamkamata kola kwa mkono mmoja, huu wa kushoto ambao ndio dhaifu, nikamnyanyua mpaka visigino vikaaga sakafu, na mbele ya umati wa watu mia tatu waliojaa kuanzia dukani mpaka barabarani nikamwambia kwamba akigusa herufi moja ya mtoto wa dada yangu nita—

"Mjomba."

Mizani amesimama nyuma ya kiti changu, sijui tangu ukurasa wa ngapi, na bisibisi sikioni.

"Mlikuwa mmejaa mpaka barabarani?"

Nikamwambia mwandishi lazima aone mbali.

"Walikuwa saba. Wewe ulikuwa juu ya ngazi ya fundi unaishusha ile feni yako ya dari, na skrubu ulizishika kwa meno, hukuweza kusema hata neno. Kola hukuigusa. Aliyemzuia ni Mwalimu, aliingia na kadi zake kumi na mbili kwenye beseni, akaliweka juu ya kaunta, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema hatoki. Wale wengine wakakaa chini. Mwenye duka akawatazama, akatazama saa, akafungua droo ya fedha. Andika hivyo."

"Sawa, si mia tatu. Tuseme walikuwa kama hamsini hi—"

"Saba, mjomba."